Kiingereza cha Mtihani kwa Aliyesomea Kifaransa

Maneno ya Kiingereza yanayohesabiwa kuwa magumu katika mitihani ya kimataifa, mengi yake si ya Waingereza kwa asili. Yaliingia kwao kwa upanga. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari kutoka upande wa Ufaransa, akamshinda mfalme wa Uingereza pale Hastings na kukitwaa kiti chake. Kwa karibu miaka mia tatu iliyofuata, Kifaransa kilikuwa lugha ya ikulu, ya mabwana na ya mahakama. Sheria ya kutaka kesi zisemwe kwa Kiingereza ilipitishwa mwaka 1362. Wakati huo wote mkulima aliendelea na maneno yake mafupi shambani. Baadaye wasomi nao wakachota moja kwa moja kutoka Kilatini na Kigiriki. Ndiyo sababu tendo moja la kuuliza lina "ask" la mkulima, "question" lililotoka kwa Wafaransa, na "interrogate" la msomi wa Kilatini.

Jambo hili halimshangazi Mswahili. Mbuzi hufa, mzee hufariki. Mtu hujua njia, lakini hufahamu hoja. Huanza kazi, lakini huasisi chama. Neno la Kibantu na neno la Kiarabu hukaa pamoja, na kila moja linajua kiti chake. Kiswahili kilifika Maniema, mashariki mwa Kongo, kikiwa tayari na tabaka hizo mbili, kwa misafara ya wafanyabiashara kutoka Zanzibar waliokuwa wameishi Nyangwe kabla Livingstone hajafika hapo mwaka 1871. Anayeelewa tofauti ya kufa na kufariki ameshaelewa namna msamiati wa juu wa Kiingereza unavyofanya kazi, hata kama hajakariri neno lake hata moja.

Tunda, katika Maniema hiyohiyo, kusini mwa Kindu upande wa Kibombo, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Ni kituo cha misheni na hospitali ambapo Wamethodisti kutoka Marekani walifanya kazi tangu enzi za Wabelgiji. Ndani ya nyumba zao wamisionari walisema Kiingereza. Nje, kanisani na darasani, mambo yalikwenda kwa Otetela na Kifaransa. Kiingereza kikapita mlangoni pa watu bila kuingia. Mtoto wa huko hukua na lugha ya nyumbani, Otetela au Kikusu, hujifunza Kiswahili kwa majirani na sokoni, husoma kwa Kifaransa karibu miaka yote ya shule, na Kiingereza humkuta sekondari kama somo la saa chache kwa wiki. Kwa hesabu ya haraka, anaonekana yuko nyuma ya mwenzake wa Nairobi au Kampala, na kweli yuko nyuma katika mazungumzo ya kila siku. Katika maneno magumu ya mtihani, ana mtaji ambao mara nyingi hakuna aliyemwambia kwamba anao.

Mitihani yenyewe haifanani. Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari ambao Wakongo huufupisha Exetat, una Kiingereza ndani ya mtihani wa lugha, kwa maswali ya kuchagua jibu, na msamiati wa darasani humtosha mtahiniwa. TOEFL, ulioanza mwaka 1964 na unaoendeshwa na shirika la ETS la Marekani, na IELTS, ulioanza mwaka 1989 na unaotoa alama kutoka 0 hadi 9, hupima kama mgeni ataweza kufuata mihadhara na vitabu vya chuo kikuu. GRE ni mnyama mwingine. Ulitungwa kwa ajili ya Wamarekani wenyewe wanaotaka shahada za juu, na mgeni hupimwa kwa kipimo hichohicho. Hadi mwaka 2011 uliuliza vinyume vya maneno yaliyosimama peke yake, kama mtu anayekaguliwa mifuko. Tangu Agosti ya mwaka huo neno hukutwa ndani ya sentensi, na msomaji hujaza pengo kwa kufuata hoja.

Kwa kijana wa Tunda njia hizi si ndoto za mbali tu. Kanisa la Methodisti lilifungua Africa University karibu na Mutare, Zimbabwe, mwaka 1992. Masomo yake ni kwa Kiingereza, na wanaotoka nchi za Kifaransa na Kireno huanza na kozi ya lugha. Mwaka 2022 Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo shughuli zake kwa miaka mingi zimeendeshwa kwa Kiingereza.

Swali la kwanza la kila mwanafunzi ni idadi: maneno mangapi? Mwaka 1953 Mwingereza Michael West, aliyekuwa amefundisha Bengal, alichapisha orodha ya maneno takriban 2,000 yanayotumika zaidi. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, nchini New Zealand, alichambua maandishi ya kitaaluma yenye maneno milioni 3.5, kutoka sheria, biashara, sayansi na masomo ya sanaa, akatenga familia 570 za maneno ambazo hazimo katika orodha ya West lakini hujirudia katika fani zote. Orodha hizo mbili kwa pamoja hufunika takriban asilimia 86 ya kitabu cha kawaida cha chuo. Kilichobaki ndicho kigumu. Paul Nation, mwalimu wa Coxhead katika chuo hichohicho, alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji huhitaji familia 8,000 hadi 9,000 ili aelewe maandishi bila msaada.

Hesabu hiyo hutisha hadi mtu aelewe maana ya familia. Katika Kiswahili, soma, somesha, somo, msomi, msomaji na usomaji ni ukoo mmoja, na ajuaye mmoja huwatambua wengine kwa sura. Vivyo hivyo "analyse", "analysis", "analyst" na "analytical" huhesabiwa mara moja. Anayejifunza familia kumi kwa siku humaliza zote 570 za Coxhead kwa siku 57.

Msomi wa Kifaransa humaliza mapema zaidi. Kundi la kwanza la orodha ya Coxhead, lenye maneno yanayojirudia kuliko yote, lina "analyse", "authority", "concept", "context", "define", "derive", "distribute", "economy", "function", "identify", "indicate", "interpret", "method", "period", "principle", "structure", "theory", "vary". Mwanafunzi wa sekondari yoyote ya Maniema ameyaandika yote haya katika daftari lake la historia au fizikia, kwa tahajia tofauti kidogo. Katika kundi hilo, maneno yanayomtaka aanze kutoka sifuri ni machache, kama "income", yaani kipato, na "available", yaani kinachopatikana.

Zipo kanuni za kuvusha maneno kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, na inafaa kuzijua kwa sababu zinafanya kazi kwa maelfu ya maneno. Mwisho "-té" wa Kifaransa huwa "-ty": "liberté" na "liberty". Mwisho "-eux" huwa "-ous", na "-aire" mara nyingi huwa "-ary". Kofia juu ya irabu mara nyingi ni kaburi la herufi s iliyokufa: "forêt" ni "forest", "hôpital" ni "hospital", "honnête" ni "honest", "hâte" ni "haste". Herufi "é" mwanzoni mwa neno nayo mara nyingi huficha s ileile, kwa hiyo "étude" ni "study", "éponge" ni "sponge", na "État", lile lile la mtihani unaowakosesha vijana usingizi, ni "state". Tena Wanormandy walisema w pale Wafaransa wa Paris waliposema gu au g: "guerre" ni "war", na Guillaume ndiye William mwenyewe aliyeanzisha mambo yote haya.

Kwa mtahiniwa wa GRE faida huongezeka badala ya kupungua. Vitabu vya Marekani vya kujiandaa kwa mtihani huo, kikiwemo cha Barron's kilichojulikana kwa orodha yake ya maneno 3,500, huwatesa Wamarekani kwa "loquacious", "taciturn", "tenacious", "gregarious", "magnanimous" na "pusillanimous". Mwenye Kifaransa amewahi kukutana na "loquace" kwa mtu wa maneno mengi, "taciturne" kwa mkimya, "tenace" kwa king'ang'anizi, "grégaire" kwa wapendao kukaa kundi, "magnanime" kwa mwenye moyo mkuu, na "pusillanime" kwa mwoga. Ipo mizizi ya Kilatini inayofungua ukoo mzima: "loqu-" ya kusema imo pia katika "eloquent", "colloquial" na "soliloquy", "ver-" ya ukweli, ile ya "vérité", imo katika "verify", "veracity" na "verisimilitude", "bene-" na "male-", wema na ubaya, hutenganisha "benevolent" na "malevolent". Njia hii ya mizizi si mpya. Norman Lewis aliisambaza kwa kitabu chake Word Power Made Easy mwaka 1949. Kwa Mmarekani mizizi hiyo ni kitu cha kujifunza upya. Kwa Mkongo ni kuita majina ya watu anaowafahamu.

Basi hatari iko wapi? Iko kwa wale ambao walimu huwaita "faux amis", marafiki wa uongo. Hawa ni maneno yenye sura moja na tabia mbili, na wanastahili muda mwingi kuliko orodha nyingine yoyote, kwa sababu mtu hawezi kuwashuku. Anayekutana na neno asilolijua husita na kutafuta. Anayekutana na rafiki wa uongo hupita akitabasamu.

Wengine ni wa kawaida. Barua ya kuomba ufadhili ikianza na "I demand a scholarship", mwandishi alidhani anaomba, kwa sababu "demander" ni kuomba. Mwingereza husoma amri. "I ignore the answer" kwa Mfaransa ni kutojua jibu, kwa Mwingereza ni kulipuuza. "Sensible" kwa Kifaransa ni mwepesi wa kuguswa, kwa Kiingereza ni mwenye busara. "Inhabited" ndilo baya kuliko yote: "inhabité" ni mahali pasipo na watu, "inhabited" ni mahali penye watu, kwa hiyo kijiji kizima huhama na kurudi kwa herufi moja. "Eventually" nalo hudanganya kimyakimya katika vifungu vya kusoma. Sentensi inayosema kwamba tiba "eventually succeeded" ina maana hatimaye ilifaulu. Anayefikiria "éventuellement" ataelewa kwamba huenda ilifaulu, na swali linalofuata litakuwa hasa juu ya uhakika wa matokeo hayo.

Wengine ni wa ngazi ya juu, na watunzi wa mitihani huwapenda. "Versatile" kwa Kifaransa ni kigeugeu, mtu asiyetegemeka. Kwa Kiingereza ni sifa, mtu awezaye kazi nyingi. "Fastidieux" ni jambo la kuchosha, "fastidious" ni mtu anayechagua mno, asiyeridhika na usafi wa sahani. "Candide" ni mjinga wa dunia, "candid" ni msema kweli asiyeficha. "Déception" ni kuvunjika moyo, "deception" ni ulaghai. Daftari la pekee kwa maneno ya aina hii, upande mmoja maana ya Kifaransa na upande wa pili ya Kiingereza, huleta alama nyingi kuliko kukariri kurasa za kamusi kuanzia A.

Upande wa pili wa hatari ni maneno madogo. Hapa Kifaransa humwacha mtu njiani. Kijana anayesoma bila shida "tolerate", "postpone" na "extinguish" hukwama kwenye "put up with", "put off" na "put out", ambayo maana zake ni zilezile: kuvumilia, kuahirisha, kuzima. Mkenya atasema kinyume: hayo ya mwisho ni ya kwanza kusikika. Sehemu ya kusikiliza ya TOEFL ina mazungumzo ya watu wa chuo, na watu hao husema kwa vitenzi vidogo vyenye mikia. Hata GRE ina maneno mafupi yasiyo na ndugu Ufaransa: "glib" la msemaji mwepesi asiye na kina, "wry" la kejeli ya upande wa mdomo, "shun" la kuepuka kabisa. "Gainsay" hufurahisha kulivunja, maana ni "contradict" lililovaa kanzu ya shambani: "gain" la zamani ni dhidi, "say" ni kusema, kama "contre" na "dire". Kwa hiyo mpangilio wa muda kwa msomaji wa Tunda ni kinyume cha ule wa vitabu vinavyoagizwa kutoka nje. Maneno marefu ayapitie kwa kuhakiki, maneno mafupi ayasome kwa jasho.

Matamshi nayo ni sehemu ya msamiati, kwa kuwa neno lisilotambulika na sikio halina faida kwenye mtihani wa kusikiliza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote: soma, msomaji, usomaji. Kifaransa huuelekeza mwishoni. Kiingereza hakina adabu hiyo. "Photograph" hukazwa silabi ya kwanza, "photographer" ya pili, "photographic" ya tatu, na irabu zisizokazwa humezwa hadi karibu kupotea. Neno lililofahamika kwa macho kwa sababu ya Kifaransa laweza kupita masikioni kama mgeni. Kila neno jipya basi liandikwe na alama ya mkazo wake, na lisomwe kwa sauti.

Kukumbuka ni kazi nyingine. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba kusahau huja kwa kasi mwanzoni, kisha hupungua. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner aligeuza jambo hilo kuwa sanduku. Maneno huandikwa kwenye vikadi, neno upande mmoja na maana upande wa pili, na sanduku hugawanywa vyumba vitano. Kadi iliyojibiwa vizuri husogea chumba cha mbele, ambako huulizwa kwa nadra. Iliyokosewa hurudi chumba cha kwanza, ambako huulizwa kila siku. Zipo programu za simu zinazofanya hivyo, lakini pasipo umeme wa uhakika, karatasi za maboksi ya sabuni zilizokatwa kwa kisu hufanya kazi sawasawa, na haziishiwi chaji. Kadi nzuri haina tafsiri peke yake. Ina sentensi fupi, kwa sababu neno bila sentensi ni jembe bila mpini.

Kamusi pia huchaguliwa. Ya Kifaransa na Kiingereza hufaa mwanzo, lakini ndiyo inayowalea marafiki wa uongo. Baada ya maneno 2,000 ya kwanza, mwanafunzi ahamie kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wageni. A. S. Hornby alianza kuiandaa ya aina hiyo alipokuwa akifundisha Japani, na Oxford ikaitoa mwaka 1948. Longman ilifuata mwaka 1978 na kamusi inayoeleza kila neno kwa kutumia maneno takriban 2,000 tu. Kusoma maelezo yenyewe ni zoezi.

Ndani ya chumba cha mtihani, neno lisilojulikana halijapotea bado. Viunganishi ndivyo vinavyolisema. "Although", "despite" na "however" hutangaza kwamba upande wa pili wa sentensi utapinga wa kwanza; "indeed" na "in fact" hutangaza kwamba utaukazia. GRE ina aina ya swali inayotaka majibu mawili kati ya sita, yenye kuifanya sentensi iwe na maana moja. Mtahiniwa hutafuta kwanza majozi miongoni mwa maneno sita. Neno lisilo na mwenzi, hata likiwa zuri namna gani, huachwa. Na kwa kuwa GRE haipunguzi alama kwa jibu baya, pengo halistahili kubaki tupu.

Katika insha mambo hugeuka, kwani sasa mtahiniwa ndiye anayechagua neno. IELTS hutoa robo ya alama za insha kwa msamiati, na wengi husikia hapo ruhusa ya kumwaga kila neno refu walilonalo. Mwenye Kifaransa ndiye aliye hatarini zaidi, kwa vile maneno marefu humjia kwanza: chakula hakiliwi tena bali "ingested", kazi haianzi bali "commences". Mtahini hupima usahihi na uwiano, na kila neno hutazamwa limekaa wapi. Mswahili anayetangaza kijijini kwamba mbuzi wake amefariki atasikilizwa kwa kicheko, na anayeandika kwa Kiingereza kwamba mbuzi wake ni "deceased" atasomwa hivyohivyo.